Dizeli Imelegea Kupanda Mau Summit? Pima Kabla ya Kuihukumu Turbo

Kodi ya hitilafu P0299 haisemi kwamba turbo imekufa. Inasema jambo dogo zaidi: kompyuta ya gari iliomba presha fulani ya hewa, ikapata pungufu. Hewa ilipotelea wapi, namba hiyo haijui. Hata hivyo, ikijitokeza tu kwenye skana, katika gereji nyingi kati ya Nakuru na Kisumu hukumu hutolewa papo hapo: "Mkubwa, hapa ni turbo." Mwenye gari anaanza kupiga simu kuulizia turbo iliyotoka Japani pamoja na injini, anajikusanyia laki moja na ushei, turbo inafungwa, na gari likifika mwinuko wa Sachangwan linalegea vilevile. Paipu iliyopasuka upande wa chini, pale inapoingia kwenye intakula (kipoza hewa), hakuna aliyeigusa.

Makala haya ni ya mtu mwenye gari la dizeli lililotumika, liwe Hilux, D-Max, Prado, Navara au Mazda CX-5, ambalo zamani lilipanda na sasa halipandi. Ninachotaka akishike ni kimoja: turbo ipimwe kabla ya kufunguliwa, na ipimwe kwa namba za huku kwetu, kwa sababu vitabu na video nyingi za mafundi zimetengenezwa na watu wanaofanyia kazi karibu na usawa wa bahari. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi. Timboroa inapita 2,700. Tofauti hiyo si ndogo kwa chombo ambacho kazi yake yote ni hewa.

Turbo husingiziwa kwa sababu iko katikati

Turbo haina nguvu ya kwake. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni moja, na feni hiyo imeunganishwa kwa shafti na feni ya pili inayovuta hewa kupitia chujio, kuikandamiza na kuisukuma kwenye injini. Shafti hiyo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika ikiwa kazini, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Hewa ikikandamizwa hupata joto, ndiyo maana hupitishwa kwenye intakula ipoe. Injini ikipata hewa ya kutosha, kompyuta hufungulia dizeli. Hewa ikipungua, kompyuta hubana dizeli ili injini isitoe moshi mweusi na pistoni zisiungue. Hapo ndipo dereva anapohisi kama gari limeshikwa kwa nyuma.

Kwa hiyo kosa lina njia kadhaa za kupitia: hewa inayoingia, moshi unaotoka, amri inayoiambia turbo ifanye kazi kiasi gani, na oili inayoilisha. Turbo iko kwenye makutano ya zote. Hata dizeli yenyewe imo. Chujio la dizeli likiziba, moto unakuwa mdogo, moshi unakosa nguvu, feni haizunguki ipasavyo, na skana inaandika presha pungufu. Anayebadilisha turbo kwa kosa la chujio la dizeli ametupa kifaa kizima na kukiacha kibovu.

Kuna na mambo yasiyohusu turbo kabisa. Mizunguko ikipanda haraka huku gari halisongi, tazama klachi kwanza. Breki zikishika bila kuachia, rimu itakuwa ya moto ukisimama. Haya yachunguzwe dakika za mwanzo, yaishe.

Hewa ya Kisumu, Nakuru na Timboroa

Kwenye usawa wa bahari, presha ya hewa inayotuzunguka ni kilopaskali 101 hivi. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, ni 88 au 89. Nakuru ni 81 au 82. Mau Summit ni kama 75 au 76, na Timboroa inashuka hadi 73 hivi.

Sasa chukua injini inayotaka kilopaskali 200 kwenye manifodi ya kuingizia hewa. Pwani, turbo inatakiwa kuizidisha hewa ya nje mara 2. Nakuru ni mara 2.4. Timboroa ni mara 2.7. Injini inapokea kitu kile kile, lakini turbo inalazimika kukimbia kwa kasi kubwa zaidi ili kukipata, na haina akiba kubwa iliyobaki. Tundu ambalo lingepita bila kujulikana Mombasa, na Kisumu likavumilika, hujitangaza lenyewe ukiupanda mlima wa Timboroa na abiria watano na mizigo. Dereva husema gari lina tatizo la mlima. Mara nyingi tatizo lilikuwapo siku zote, mlima umelifichua tu.

Haki itendeke upande wa pili pia. Kompyuta nyingi hupunguza presha zinayoiomba turbo gari likifika juu sana, ili shafti isipitishe kasi yake. Kwa hiyo kupungukiwa na nguvu kidogo Timboroa si ugonjwa. Ugonjwa ni gari kukataa kupita mizunguko 2,500 hata kwenye tambarare ya Lanet, au nguvu kukatika ghafla katikati ya mwinuko na kurudi tu baada ya kuzima na kuwasha. Hiyo ya kuzima na kuwasha ni dalili muhimu sana: maana yake kompyuta ilijifunga kwa kujilinda, na vyuma vyenyewe huenda bado vinafanya kazi.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Fungua swichi bila kuwasha injini, kisha soma kwenye skana sensa ya presha ya manifodi, ile mafundi wanayoiita MAP. Injini haizunguki, kwa hiyo presha ya ndani ni ile ile ya nje. Ukiwa Nakuru usome 81 au 82. Ukiwa Kisumu, 88 au 89. Ikikuonyesha 101 ukiwa Nakuru, au 70, sensa hiyo inaongopa, na kila utakachosoma baadaye kitakuwa cha uongo. Kwenye dizeli iliyotumika, ncha ya sensa hii hugandwa na masizi yaliyochanganyika na oili. Ing'oe, isafishe taratibu kwa dawa ya kusafishia sensa bila kuchokoa na sindano, irudishe, usome tena.

Tahadhari moja hapa. Usilinganishe na namba ya presha iliyo kwenye programu ya hali ya hewa ya simu. Programu hizo huonyesha presha iliyorekebishwa kana kwamba mji uko usawa wa bahari, ndiyo maana Nakuru inaandikiwa hektopaskali 1,015 au zaidi. Simu ikiwa na baromita ndani yake, tafuta programu inayoisoma baromita yenyewe; hiyo itakupa hektopaskali 815 au karibu na hapo, yaani kilopaskali 81 na nusu.

Mtego wa pili ni kusahau kwamba skana nyingi huonyesha presha kamili: hewa ya nje ikijumlishwa na ile turbo iliyoongeza. Fundi akisoma 150 pale Mau Summit anaweza kuridhika kwamba turbo inasukuma sana. Toa 75 ya hewa ya nje, utaona turbo imeongeza 75 tu. Kwa injini iliyoomba 210, hiyo ni nusu tu na kidogo ya kilichotakiwa. Kila mara andika namba ya injini ikiwa imezimwa kwanza, uitoe kwenye namba ya mlimani, ndipo uzungumze juu ya turbo.

Vakyumu: geji isomwe kwa kipimo cha mahali

Turbo nyingi za dizeli za kisasa zina vibawa vidogo upande wa moshi. Vikibana, moshi unapita kwa kasi na turbo inaamka mapema. Vikiachia, presha inatulia. Vibawa husogezwa na fimbo, na fimbo huvutwa na kopo la vakyumu, yaani kopo linalonyonywa hewa yake, au huendeshwa na mota ya umeme. Kwa yale ya vakyumu, kuna pampu inayozungushwa na injini, na pampu hiyo hiyo husaidia breki. Pedali ya breki ikiwa ngumu siku zile zile nguvu ilipopotea, usianzie kwenye turbo. Anzia kwenye pampu na mipira yake.

Mafundi hupima vakyumu kwa inchi za zebaki, na vitabu vingi husema pampu nzima ifikishe inchi 27 hivi. Nakuru hilo haliwezekani, hata kwa pampu iliyotoka kiwandani leo. Vakyumu ni kuondoa hewa iliyopo, na hewa ya usawa wa bahari ina presha ya inchi 29.9. Ya Nakuru ni inchi 24 tu. Ya Timboroa ni 21 na nusu. Hakuna pampu duniani inayoweza kuondoa kisichokuwapo. Pampu inayofikisha inchi 22 Nakuru inafanya kazi ile ile ya pampu inayofikisha 27 pwani, na fundi anayeikataa kwa sababu video ilisema 27 anamnunulisha mteja pampu asiyoihitaji. Ningependa kila fundi wa Bonde la Ufa aibandike namba hii ukutani: Nakuru, mwisho ni 24.

Jambo hilo hilo linaeleza kwa nini gari linaweza kuwa zima Kisumu na kulegea Timboroa. Kwa aina nyingi, kopo la turbo huhitaji karibu inchi 18 ili fimbo ifike mwisho wa mwendo wake. Kisumu, ambako mwisho ni 26, kuna nafasi ya kutosha. Hata mpira ukivuja kidogo, inchi 18 zinapatikana. Timboroa nafasi iliyobaki ni finyu, na mpira huo huo unaovuja unaila yote. Fimbo haifiki mwisho, vibawa havibani, turbo haiamki. Sababu ni kipande cha mpira cha bei ndogo kabisa, kilichokauka kwa joto la injini na kupasuka pale kinapovikwa kwenye bomba.

Kukagua ni rahisi. Katika magari mengi ya aina hii, fimbo huwa imelegea injini ikiwa imezimwa, huvutwa mara tu injini inapowaka, na hurudi ukizima. Mtu mmoja awashe, mwingine atazame kwa tochi. Isipovutwa, chomoa mpira kwenye kopo, weka pampu ya mkono, vuta. Fimbo ikienda kwa ulaini mpaka mwisho na kukaa hapo kwa dakika nzima, kopo na vibawa ni vizima. Tatizo liko nyuma, kwenye mipira, kwenye solenoidi inayogawa vakyumu, au kwenye pampu. Ikienda kwa kurukaruka, vibawa vimeganda. Ikienda halafu ikarudi yenyewe, ngozi ya ndani ya kopo imetoboka. Kipimo hiki kifanywe gari likiwa limesimama. Asitokee mtu wa kuliunganisha kopo moja kwa moja kwenye pampu na kwenda barabarani, kwa sababu vibawa vitabana wakati wote na presha itapita kipimo. Na ile skrubu ndogo ya kikomo iliyo kwenye turbo isiguswe kamwe. Ilipimwa kiwandani kwa mashine, na haipimiki kwa sikio.

Skana iulizwe maswali sahihi

Skana ya Bluetooth ya bei nafuu na programu ya simu vitakusomea MAP, na pia MAF, yaani sensa inayopima hewa inayopita baada ya chujio. Hiyo si haba. Ila presha iliyoombwa na kompyuta, pamoja na amri inayotumwa kwa vibawa, mara nyingi hutaka programu ya mtengenezaji au skana kubwa ya gereji. Ukilipia kipimo, uliza hizo namba kwa jina. Kusoma kodi na kuifuta ni kazi ya dakika mbili, na haikuelezi kitu.

Namba zichukuliwe gari likiwa linavuta. Injini ipate joto, gia iwe ya tatu, mizunguko 1,500, kisha kanyaga mafuta mpaka chini hadi 3,500 huku mtu wa pili akirekodi. Dereva asishike simu. Pafaa mwinuko mfupi usio na msongamano. Salgaa na Sachangwan, kwa malori yaliyopo na damu iliyomwagika pale, si mahali pa kufanyia majaribio. Walio Kisumu wana mwinuko wa kutoka Mamboleo kuelekea Kiboswa, alfajiri kabla matatu hazijajaa.

Rekodi ikishapatikana, swali la kwanza ni hili: je, presha iliombwa? Ikiwa kompyuta yenyewe iliomba kidogo, turbo haina hatia. Kuna jambo jingine limeifanya kompyuta ijibane, labda joto la injini, labda presha ndogo ya dizeli, labda chujio la masizi lililojaa. Ikiwa iliomba nyingi, ikatuma amri ya juu kabisa, na presha bado ikawa chini, hapo kosa liko kwenye vyuma na mipira.

Kisha weka MAF na MAP pamoja, kwa maana hizi mbili zikisomwa kwa pamoja hutoa siri ambayo kila moja peke yake haiwezi kutoa. MAF iko mwanzoni mwa njia, MAP iko mwishoni. MAF ikisema hewa nyingi imepita na MAP ikisema haikufika, hewa imetorokea katikati: tafuta tundu baada ya turbo. Zote mbili zikiwa chini, hewa haikuingia tangu mwanzo: tazama chujio la hewa, vibawa, njia ya moshi iliyoziba, au turbo yenyewe. MAF ikiwa chini lakini MAP iko sawa, shuku vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, iliyoshindwa kufunga, kwa sababu nafasi ya hewa safi imejazwa na moshi. Au tundu kati ya MAF na turbo, ambalo huvuta vumbi moja kwa moja kwenye feni.

Na wakati presha inapopotea nao unasema. Ikikosekana chini na kurudi juu ya mizunguko 2,500, vibawa huenda vimeganda vikiwa wazi. Ikikosekana juu pekee, moshi huenda hautoki vizuri. Ikiwa pungufu kote, na kuzidi kadiri unavyokanyaga, ni tundu. CX-5 ya dizeli ya lita 2.2 ina turbo mbili, ndogo ya mizunguko ya chini na kubwa ya mizunguko ya juu, kwa hiyo kwake pengo katika eneo moja tu huweza kumaanisha kwamba upande mmoja umeshindwa kupokezana na mwingine.

Tundu linavyotafutwa kwa sabuni

Paipu za mpira zinazounganisha turbo, intakula na injini hupasuka sana upande wa chini, ambako mvuke wa oili hujikusanya na kuulainisha mpira. Ukiwa umesimama, mpasuko umefumba na huoni kitu. Presha ikiingia, unafunguka. Alama yake ni oili na vumbi vilivyogandana mahali pamoja, na mluzi au mfoko wa hewa unapokanyaga. Moshi mweusi huweza kutoka, ingawa kwa magari yenye DPF, yaani chujio la masizi, moshi huo hunaswa ndani na huuoni. Unajilimbikiza na kuleta tatizo la pili.

Gereji kubwa zina mashine ya moshi. Fundi wa jua kali anaweza kufanya kazi nzuri vilevile kwa kifuniko cha paipu ya plastiki kinachotosha mdomo wa kuingilia turbo, akitoboa na kufunga ndani yake valvu ya tairi lisilo na tyubu. Kifuniko kinakazwa kwa klipu, kompresa ya upepo inaunganishwa, na hewa inaingizwa polepole hadi psi 10 au 15, isizidi. Hewa nyingine itapotelea kwenye injini kupitia valvu zilizo wazi, hilo ni la kawaida. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kwenye pembe za intakula, kwenye kila klipu, na utafute povu, kama wanavyofanya wa pancha. Intakula zenye pembe za plastiki huvujia pale plastiki inapokutana na aluminiamu. Kipimo hiki kikikosa kuonyesha kitu, ndipo unaweza kusema kwa uhakika kwamba njia ya hewa ni nzima.

Usiliruke chujio la hewa, hasa kiangazi na kwa wanaopita barabara za vumbi. Lililojaa hubana. Lisilokaa vizuri kwenye boksi lake ni baya zaidi, kwani vumbi la murram hula ncha za feni hadi zikawa butu.

Masizi, na safari fupi za mjini

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa, kwa hiyo dizeli nyingi zinazoshuka Mombasa siku hizi zina chujio la masizi, DPF. Chujio hili hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi, na joto hilo hupatikana gari likikimbia kwa muda bila kusimama. Gari linalotoka mtaa wa Pipeline kwenda mjini Nakuru na kurudi, kila siku, halifiki hapo. Dizeli yetu, ambayo mwaka 2015 kipimo chake kiliwekwa kuwa salfa sehemu 50 kwa milioni ilhali ya Japani ni 10, nayo haisaidii.

DPF ikiziba, moshi unakosa pa kutokea. Turbo huzungushwa na tofauti ya presha kati ya kabla na baada ya feni ya moshi. Nyuma pakiziba, tofauti inapungua na feni inazembea. Skana husoma presha inayozuiwa na DPF. Injini ikiwa inanguruma palepale, kilopaskali 1 au chini yake ni dalili njema. Ikiwa kadhaa hata bila kukanyaga, DPF ishughulikiwe kwanza, na turbo isiguswe. Safari ya mwendo wa kasi ya wastani, kwa mfano Nakuru hadi Gilgil bila kusimama, inaweza kuisafisha ikiwa haijapita kiasi.

Angalia pia kijiti cha oili. Kompyuta ikijaribu kuisafisha DPF mara kwa mara bila kufanikiwa, dizeli ya ziada hushukia kwenye oili na kiwango kinapanda badala ya kushuka. Kwenye kijiti cha Skyactiv-D, injini ya dizeli ya Mazda, kuna alama ya X juu ya kiwango cha kawaida kwa sababu hiyo hasa. Oili ikifika hapo imwagwe. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi mno kuibeba shafti ya turbo.

Masizi hayo hayo hugandisha vibawa na vali ya EGR. Vibawa vikigandia kwenye hali ya kubana, presha hupita kiasi na skana huandika P0234. Gari huvuta vizuri, kisha linajifunga mlimani. Turbo ya namna hii mara nyingi hufunguliwa na kusafishwa ikarudi kazini. Ufa kwenye manifodi ya ekzosi au gasketi iliyoungua nao hupoteza moshi kabla haujafika kwenye feni: utasikia mlio wa tik-tik injini ikiwa baridi, na kuona masizi meusi kwenye chuma.

Ikiwa kweli ni turbo

Baada ya yote haya, zamu ya turbo imefika. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, chomoa paipu ya kuingizia hewa, uishike ncha ya shafti. Kutikisika kidogo kwenda pembeni ni kawaida, kwa kuwa oili inayoibeba haina presha wakati huo. Kusogea mbele na nyuma kusihisike. Tazama ncha za feni: zikiwa zimekwaruza ukuta, au zimekatika, turbo hiyo imekwisha. Utando wa oili ndani ya paipu usikutishe, unatoka kwenye pumzi ya injini. Dimbwi la oili, pamoja na moshi wa bluu, ndilo la kutisha.

Lakini turbo haifi bila sababu, na mara nyingi sababu ni oili. Kwenye injini ya 1KD ya Hilux na Prado, ringi za shaba (washa) zilizo chini ya injekta zikivuja, gesi ya moto huingia kwenye oili, kaboni hujitengeneza na kuziba chujio la kunyonyea oili ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Skyactiv-D nayo hujulikana kwa kuziba mahali hapo. Anayefunga turbo nyingine bila kufungua sampu anaipeleka pabaya pale pale. Bomba la kulisha oili libadilishwe, wala si kupulizwa tu. Bomba la kurudishia oili liwe wazi kabisa. Silikoni isitumike kwenye viungo vya oili, kipande kimoja tu kikiingia ndani kinatosha kuziba tundu.

Intakula imwagwe oili na isafishwe kabla injini haijawashwa. Oili iliyobaki humo inaweza kunyonywa na injini ya dizeli kama mafuta, ikanguruma yenyewe kwa kasi isiyozimika kwa ufunguo. Hapo dawa ni kuziba njia ya hewa, au kwa gia za mkono, kuweka gia ya juu, kukanyaga breki na kuachia klachi ili izimike. Jaza turbo oili kwa mkono kupitia tundu la kulishia, zungusha feni kwa kidole, kisha zungusha injini kwa stata bila kuiruhusu iwake mpaka taa ya oili izime. Iache ingurume palepale dakika chache, na baada ya kilomita mia chache badilisha oili na chujio lake kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.